Berlin kwa macho ya watu wa Lindi na Kilwa: mitaa, vivutio, chakula na maisha ya usiku

Kaskazini mwa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kuna barabara ambayo kibao chake kimeandikwa Maji-Maji-Allee. Neno "Allee" kwa Kijerumani ni barabara yenye miti pembeni. Jina hilo liliwekwa Agosti 2024. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, wilaya yetu ya Kilwa. Umbali kati ya Nandete na barabara hiyo ni maelfu ya kilomita, lakini historia yake ni moja.

Wasikilizaji wetu wengi huuliza kuhusu Berlin. Wapo wenye watoto au ndugu wanaosoma huko. Wapo vijana wanaotaka kwenda. Na wapo wazee ambao swali lao halibadiliki: "Yule mjusi wetu wa Tendaguru yuko wapi hasa, na anaishi vipi?" Katika makala haya tunaueleza mji huo mtaa kwa mtaa, pamoja na chakula chake, usiku wake, na vitu vya kwetu vilivyoko huko. Tumeyagawa kwa vichwa vidogo ili unayesoma kwenye simu uweze kuruka hadi sehemu unayoitaka.

Berlin kwa ufupi

Berlin ina watu takriban milioni 3.7 na eneo la kilomita za mraba 891. Imegawanywa katika wilaya 12. Haina bahari. Ina mto uitwao Spree unaopita katikati, mifereji mingi, na maziwa pembezoni ambako watu huogelea wakati wa joto.

Kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi 9 Novemba 1989 mji huu uligawanywa na ukuta. Upande wa mashariki ulikuwa wa serikali ya kikomunisti, na upande wa magharibi ulifungamana na Marekani, Uingereza na Ufaransa. Ujerumani iliungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Hadi leo mgeni huona tofauti. Mashariki kuna barabara pana na majengo marefu ya ghorofa yanayofanana, wakati magharibi kuna mitaa ya maduka na nyumba za mtindo mwingine.

Aliyewahi kufika Michenzani au Kikwajuni, Unguja, ameshaonja kidogo Berlin Mashariki. Majengo yale yalitokana na msaada na mipango ya Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964.

Saa za Berlin ziko nyuma ya zetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Mwezi Juni jua huzama yapata saa 3 na nusu usiku. Mwezi Desemba huzama kabla ya saa 10 jioni. Mwenye ndugu huko akimwambia "huku usiku umeshaingia" ilhali kwetu ni alasiri iliyokwisha kidogo tu, asidhani anadanganywa.

Mitte: katikati ya mji

Mitte maana yake ni "katikati", na mgeni wengi huanzia hapo. Lango la Brandenburg lilijengwa kati ya 1788 na 1791. Juu yake kuna sanamu ya gari la kukokotwa na farasi wanne. Sanamu hiyo ina kisa cha kukumbuka. Mwaka 1806 Napoleon wa Ufaransa aliiteka Berlin, akaiteremsha sanamu na kuipeleka Paris. Baada ya kushindwa kwake, watu wa Berlin waliirudisha kwao mwaka 1814. Tutakirudia kisa hiki mbele.

Hatua chache kutoka hapo lipo jengo la Bunge, Reichstag, lenye kuba la kioo juu. Kuingia kwenye kuba ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema na kuwa na pasipoti. Upande wa pili wa lango kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler: nguzo za zege 2,711 zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2005. Watu hutembea katikati yake kwa utulivu. Si mahali pa kupanda juu na kupiga picha za mzaha.

Karibu na hapo kuna mtaa wa Wilhelmstraße. Humo ndimo ulimofanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yalikubaliana kanuni za kugawana Afrika. Hakuna Mwafrika aliyekaa kwenye meza ile. Jengo lenyewe halipo tena. Pamebaki bango la maelezo ambalo mtu asiyelijua hulipita.

Mnara wa televisheni una urefu wa mita 368 na ulifunguliwa mwaka 1969. Unaonekana karibu kila pembe ya mji, hivyo ukipotea utazame juu. Sio mbali na mnara kuna Kisiwa cha Makumbusho, kilichoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999. Magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha hiyohiyo mwaka 1981, miaka 18 kabla.

Mjusi wa Tendaguru

Makumbusho ya Elimu ya Viumbe yako mtaa wa Invalidenstraße, namba 43, na yamekuwepo hapo tangu 1889. Hufungwa Jumatatu. Ukiingia ukumbi wa kwanza tu, unakutana naye: mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa hadi mita 13.27, sawa na nyumba ya ghorofa nne. Ni mifupa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa kwenye makumbusho duniani. Wataalamu zamani walimwita Brachiosaurus brancai. Sasa wengi humwita Giraffatitan brancai. Aliishi miaka takriban milioni 150 iliyopita.

Mnyama huyo alitoka kilima cha Tendaguru, mkoa wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliripoti mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalituma wachimbaji wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Kazi ya kuchimba, kusafisha na kubeba ilifanywa na mamia ya watu wa huku. Msimamizi mkuu wao aliitwa Boheti bin Amrani, na jina lake limo katika kumbukumbu za msafara ule. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa mabegani na vichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Kwa jumla zaidi ya tani 200 ziliondoka.

Angalia mwaka ule tena: 1909. Majimaji ilikuwa imeisha 1907. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limechoma mashamba na maghala ya vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana. Baadhi ya wanahistoria hutaja hadi watu 300,000. Waliobeba mifupa ya Tendaguru walitoka katika vijiji vilivyokuwa vimetoka tu katika balaa hilo. Na serikali ya kikoloni ilitumia sheria yake ya kutwaa ardhi kuhakikisha kwamba kilichopo chini ya udongo wa Tendaguru kinakuwa mali ya Ujerumani.

Mjusi alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na akapangwa upya 2007. Fuvu la kichwa linaloonekana juu kabisa ni nakala, kwa sababu la asili ni zito mno kukaa kwenye shingo ile. Pembeni yake wapo wengine wa kutoka Tendaguru, akiwemo Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni.

Wedding: Mtaa wa Kiafrika

Wedding ni sehemu ya kaskazini yenye watu wa kipato cha kawaida na wahamiaji wengi. Ndani yake kuna eneo liitwalo Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika. Ukishuka kituo cha treni cha Afrikanische Straße utakuta mitaa yenye majina ya Zanzibar, Uganda, Tanga, Usambara, Togo, Kamerun na Kongo. Majina hayo hayakuwekwa kwa upendo. Mengi yaliwekwa kuanzia 1899 na kuendelea ili kujivunia makoloni.

Wakazi wa Berlin wenye asili ya Afrika na wenzao walipigania kwa miaka mingi kubadili majina yaliyowaheshimu wakoloni. Desemba 2022 mtaa na uwanja viwili vilibadilishwa na kupewa majina ya Cornelius Fredericks wa Namibia na familia ya Manga Bell wa Kamerun. Agosti 2024 ikafuata Petersallee, jina ambalo mwaka 1939 liliwekwa kumuenzi Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara na jirani zake mwaka 1884 akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za "mikataba". Kipande kimoja cha barabara hiyo sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kingine ndicho Maji-Maji-Allee.

Neukölln na Kreuzberg

Sehemu hizi mbili ndizo zenye vurumai la maisha. Waturuki walianza kuja kwa wingi baada ya mkataba wa kazi wa 1961. Baadaye wakaja Waarabu, Waafrika na vijana kutoka kila pembe ya dunia. Kandokando ya mfereji, eneo la Maybachufer, kuna soko siku za Jumanne na Ijumaa. Kuna mboga, vitambaa, viungo, zeituni na samaki, na wauzaji wanaoita wateja kwa sauti. Mtu wa soko la Nangurukuru hatajiona mgeni sana pale.

Neukölln kuna mtaa uitwao Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, aliyezaliwa 1934 na kufariki 1993, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia bungeni na serikalini nchini mwetu. Kabla ya Aprili 2021 mtaa huo uliitwa Wissmannstraße, jina la Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa Abushiri wa pwani, na Mei 1890 majeshi yake yaliteka Kilwa, Lindi na Mikindani. Leo mwenye kupeleka barua mtaani hapo huandika jina la mama wa Kitanzania.

Kwa Waislamu, msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, Neukölln. Ni mkubwa, una minara miwili, na kando yake kuna makaburi ya Kituruki ya tangu karne ya 19. Karibu na hapo kuna Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 na kugeuzwa bustani ya wote. Watu huendesha baiskeli na kurusha tiara pale ndege zilipokuwa zikitua. Kuingia ni bure.

Kwenye mto Spree, ukivuka kutoka Kreuzberg, kuna kipande cha ukuta wa zamani chenye urefu wa kilomita 1.3 kilichochorwa na wasanii. Ni bure pia.

Waswahili waliotangulia

Kijana wa leo asidhani yeye ndiye wa kwanza. Mwaka 1887 Berlin ilianzisha chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo. Amur bin Nasur wa Zanzibar alikuwa mwalimu mwanzoni mwa miaka ya 1890, akaandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na mambo aliyoyaona mjini humo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani aliyesoma Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha. Ni mmoja wa waandishi wakuu wa maelezo ya mila za pwani yaliyochapishwa 1903 kwa jina "Desturi za Wasuaheli". Alioa mwanamke wa Kijerumani. Walipojaribu kurudi Afrika Mashariki mwaka 1905, wakubwa wa koloni hawakukubali mke wake ateremke melini. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Wa tatu ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alitumika jeshini upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifika Berlin mwaka 1929, akafanya kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katika eneo la Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuoni na kuigiza filamu. Utawala wa Hitler ulimkamata mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba aliyoishi, kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba lililopandwa njiani likiwa na jina lake. Ukipita hapo, inama ulisome.

Chakula

Chakula cha haraka cha Berlin ni doner: nyama iliyookwa kwenye mti unaozunguka, ikakatwa vipande vyembamba na kuwekwa ndani ya mkate pamoja na kabichi, nyanya, kitunguu na sosi. Waturuki wa Berlin ndio waliokieneza. Kimoja hugharimu takriban euro 7 na hushibisha. Nyama huwa ya ng'ombe, ndama au kuku, na maduka mengi huandika "helal" mlangoni. Asiyekula nyama ataomba falafeli, inayofanana na badia zetu za kunde.

Cha pili ni currywurst, soseji iliyokatwa na kumwagiwa sosi ya nyanya na bizari, pamoja na chipsi. Kilibuniwa Berlin mwaka 1949 na mama muuza chakula, Herta Heuwer. Muislamu awe mwangalifu, kwani soseji nyingi ni za nguruwe. Neno la kukariri ni "Schwein": ukiliona kwenye orodha ya chakula, ni nguruwe.

Mihogo, ndizi za kupika, unga na pilipili vinapatikana katika maduka ya Waafrika, hasa Wedding na Neukölln. Bei ni kubwa kuliko kwetu. Korosho zipo kila duka, zimebanguliwa, zimekaangwa na kufungwa vizuri. Wakulima wetu wa Lindi na Mtwara wanajua kwamba korosho ghafi nyingi huuzwa India na Vietnam kwanza, zikabanguliwa huko. Anayebangua na kufungasha ndiye anayepata fungu nono.

Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Chupa tupu ya plastiki usitupe: duka hukurudishia senti 25, na chupa ya kioo ya bia senti 8. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Yanayobaki wazi ni maduka madogo ya mtaani yaitwayo "Späti", kama genge la kwetu linalouza hadi usiku.

Usiku wa Berlin

Berlin inajulikana duniani kwa muziki wa tekno, wenye mdundo wa mashine usiokatika. Baada ya ukuta kuanguka, vijana waliingia kwenye viwanda na maghala matupu ya mashariki wakaanza kucheza humo. Mwaka 2024 utamaduni wa tekno wa Berlin uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya Ujerumani ya urithi usioshikika.

Klabu huanza kuchangamka baada ya saa 6 usiku, na nyingine hazifungi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu asubuhi. Maarufu kuliko zote ni Berghain, iliyo ndani ya jengo lililokuwa mtambo wa umeme. Foleni yake ni ndefu, na mlinzi anaweza kukukatalia bila kutoa sababu. Usigombane naye. Ndani hairuhusiwi kupiga picha. Kamera ya simu hubandikwa stika. Umri wa kuingia klabu kwa kawaida ni miaka 18 na kuendelea.

Si lazima uende klabu ili uuone usiku. Wakati wa kiangazi watu hukaa kando ya mifereji na kwenye bustani hadi usiku wa manane, wakiongea na kupiga gitaa. Zipo kumbi za muziki wa Kiafrika, sinema na maonyesho. Kama kila mji mkubwa, kuna wauza dawa za kulevya kwenye baadhi ya bustani na vituo, na kuna wezi wa mifukoni. Simu iweke mfuko wa mbele. Namba ya polisi ni 110, ya zimamoto na gari la wagonjwa ni 112.

Kusafiri mjini

Treni za chini ya ardhi, zilizoanza 1902, huitwa U-Bahn na alama yake ni herufi U. Zipo pia treni za juu, tramu na mabasi, na tiketi moja hutumika kote. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni nyingi hutembea hadi asubuhi. Vituo havina geti wala kondakta anayegonga sarafu. Mgeni hudhani ni bure. Si bure: wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na asiye na tiketi hulipa faini ya euro 60. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.

Viza na matapeli

Kwa kawaida msafiri kutoka Dar es Salaam hubadili ndege njiani, kwa mfano Istanbul au Doha. Viza ya matembezi ya Schengen huruhusu hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya afya ya angalau euro 30,000, ushahidi wa fedha na mahali pa kulala. Maombi hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15 kabla.

Hakuna mtu wa kati anayeweza kukuuzia viza au kukuhakikishia. Anayeomba milioni kadhaa kwa simu na kuahidi "kazi Ujerumani, viza ndani ya wiki" ni tapeli. Taarifa za kweli zinatoka Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Kwa anayetaka kusoma, shirika la DAAD hutoa ufadhili wa masomo, na Goethe-Institut iliyoko Dar es Salaam hufundisha Kijerumani. Anza na lugha: bila lugha milango mingi hubaki imefungwa.

Je, vitu vyetu virudi?

Mjusi wa Tendaguru siye peke yake. Jumba la Humboldt Forum, katikati ya Berlin, lina vitu vingi vilivyochukuliwa Tanganyika wakati wa ukoloni, vingine vikiwa nyara za Majimaji. Novemba 2024 lilifungua maonyesho kuhusu historia ya Tanzania yaliyoandaliwa kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa letu. Yapo pia mabaki ya binadamu. Berlin ilirithi mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba baadhi yanahusiana na familia zilizo hai Kilimanjaro. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani.

Kuhusu mjusi, suala limewahi kuulizwa hadi bungeni. Wanaosema abaki Berlin hutaja gharama za kumbeba, kumjengea jumba na kumtunza, na hupendekeza tupate badala yake mafunzo, utafiti na sehemu ya mapato. Wanaosema arudi hujibu kwamba mali haiachi kuwa yako kwa sababu mwenzio ana kabati zuri zaidi. Wanaweza kukumbusha pia farasi wa lango la Brandenburg: Berlin yenyewe haikukubali waendelee kukaa Paris.

Sisi tunaona jambo moja linatangulia mengine. Mtu wa Mipingo, Lindi au Kilwa Kivinje lazima awe na sauti katika mazungumzo hayo, na ili awe na sauti lazima awe na habari. Wazee wanaojua waliobeba mizigo ile, au waliosimuliwa habari za Majimaji na za Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, wanazidi kupungua. Mwenye simu anaweza kumrekodi babu au bibi yake leo jioni. Mwandike jina, kijiji, na alichokisikia kutoka kwa nani. Muulize kwanza kama anaridhia, na nakala ibaki nyumbani.

Na wewe uliyeko Berlin unayesoma haya, nenda Invalidenstraße siku moja isiyo Jumatatu. Simama chini ya yule mnyama, na kama kuna mtoto pembeni anauliza katokea wapi, mwambie: Lindi.